Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Mimi nitajikita kwenye maandishi yetu ya demografia, yaani elimu ya idadi ya watu, hasa ile orodha ya marejeo ambayo wengi tunaiandaa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Mwaka huu umetuacha pabaya. Februari Marekani ilisitisha mpango wa DHS, yaani tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, ghala tulilochota tangu utafiti wa kwanza wa Tanzania wa 1991-92. Humo ndimo tulimojua kwamba wastani wa watoto kwa mwanamke umeshuka kutoka 6.2 wakati ule hadi 4.8 mwaka 2022. Ghala likifungwa, ndipo inapoonekana tulivyokuwa tukilitegemea, na tulivyokuwa tukilitumia.

Chukueni vifo vya uzazi. Ripoti ya DHS ya 2015-16 ilitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ya 2022 ikatoa 104. Namba hizi zimenukuliwa kila kona. Lakini ni nadra kukuta mwandishi akisema kwamba ile 556 ni makadirio, na kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 446 na 666. Sababu haijifichi: ripoti haifunguliwi. Namba inachukuliwa kwenye makala ya mwenzetu, naye aliichukua kwa mwingine. Mwishowe wanarejelewa watu ambao hawakuhesabu kitu.

Mada zenyewe zimehama. Zamani ilikuwa uzazi wa mpango, kisha VVU, na Kisesa wilayani Magu, ambako watafiti wamewafuatilia wakazi tangu 1994, ilitufundisha mengi. Sasa vijana wanaleta uhamaji, miji na uzee, na mimi nafurahi. Ila wanaenda kuchapisha mbali. Jarida la UAPS, umoja wa wanademografia wa Afrika ulioanzishwa 1984, tunalisoma kwa nadra na kulirejelea kwa nadra zaidi. Siwalaumu sana, kamati za kupandisha vyeo zinauliza majarida ya Ulaya na Marekani kwanza.

Data bado zipo. Sampuli za sensa za 1988, 2002 na 2012 zinapatikana IPUMS, hifadhi ya data za sensa mtandaoni, bila malipo, na Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kamati inapendekeza, nanyi mtapiga kura mchana huu, kwamba kuanzia semina ijayo kila namba ya kitaifa ioneshe ripoti ya awali na ukurasa wake, la sivyo makala irudishwe kwa mwandishi.