Tukimjibu jirani, wenye mzigo njiani waambiwe mapema

Mhariri,

Nauza matunda soko la Ilala, huu mwaka wa kumi na tisa. Naomba nafasi niseme neno kuhusu namna tunavyojibu nchi nyingine ikitufanyia ubaya.

Machi 2025 Malawi ilizuia mchele, tangawizi, ndizi na mazao mengine kutoka nje. Wifi yangu wa Tukuyu alikuwa na Fuso limejaa ndizi pale Kasumulu, mpakani na Malawi. Alinipigia simu analia. Siku ya nne maji ya ndizi yalikuwa yanachuruzika kwenye bodi mpaka kwenye matairi, nzi wamejaa. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezifungia ndizi zetu mlango. Basi Aprili, Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Hussein Bashe, alipotangaza kwamba mazungumzo hayajasaidia na sisi tunazuia mazao yao, nilifurahi kweli. Wanaosema tungenyamaza kwa ajili ya ujirani hawajawahi kumwaga Fuso zima la ndizi.

Lakini tufaa zangu, ambazo sokoni tunaziita epo, zilikuwa njiani kutoka Afrika Kusini na nusu ya fedha nimeshalipa. Hakuna aliyeweza kuniambia kama zitaingia au la. Haikuchukua muda zuio likaondolewa ili watu wakae mezani, ila usingizi wa siku zile najua mimi.

Mwaka 1978, Amin alipoingia Kagera, nilikuwa na miaka minane. Lori alilokuwa anaendesha baba lilichukuliwa kwenda vitani, na yeye akaenda nalo. Mama hakunung'unika. Alikuwa amemsikia Mwalimu redioni akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Alijua mumewe ameenda kufanya nini. Biashara si vita, na Malawi si Amin, wale ni ndugu zetu wenye shida ya fedha za kigeni. Ila mwananchi anayebebeshwa mzigo wa nchi ana haki ileile ya kuelezwa.

Ikitokea tena, tujibu. Ila mzigo uliokwisha kulipiwa uachwe uingie, tarehe itajwe mapema, na wa mpakani watafutiwe soko kwingine kabla ndizi hazijaoza. Bandari tusiiguse, maana shehena ya Malawi inalisha makuli na mama lishe wa Kurasini.

Wifi yangu mpaka leo anadaiwa nauli ya lile Fuso.

Mama muuza matunda,
Ilala, Dar es Salaam