Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Akina mama na dada zangu,

Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu na najua mtashtuka, kwa hivyo wacha niseme mapema: pesa nyingi za mwaka huu zimekwenda kwa boda boda, kuwafikisha hospitalini wenzetu waliobakwa. Mvua ikinyesha, kushuka kutoka Mariashoni hadi Elburgon si mchezo, na dawa ya kumkinga aliyebakwa dhidi ya virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya saa 72. Nauli hiyo siijutii.

Ninachojutia ni ndoo. Msimu wa masika nilimsindikiza mwenzetu mmoja. Hospitalini alitibiwa siku ileile, bila malipo. Kituo cha polisi tukaambiwa fomu za P3, zile daktari anajaza kuthibitisha madhara, zimeisha, turudi Jumatatu. Leso na gauni lake nikavitia kwenye ndoo ya plastiki, nikabana kifuniko, nikidhani nahifadhi ushahidi. Jumatatu tulipofungua, ukungu ulikuwa umetanda. "Karatasi, mama, si plastiki," daktari akaniambia taratibu. Unyevu ndio unaoharibu. Niliona haya.

Katika kikao cha Nessuit mmoja wenu aliuliza karatasi za Umoja wa Mataifa kule Geneva zinatufaa nini sisi Waogiek, watu wa asili wa msitu wa Mau. Swali zuri. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu watu wa asili, kifungu cha 22, linataka serikali zitulinde wanawake na watoto dhidi ya kila aina ya ukatili. Kenya siku ile haikupiga kura ya ndiyo wala ya la. Lakini mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake iliuridhia mwaka 1984, na mwaka 2022 kamati yake ikatoa Pendekezo la 39, linalotuhusu moja kwa moja: ukatili, ardhi, hata mkalimani mahakamani. Mwaka huohuo Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamuru tulipwe zaidi ya shilingi milioni 157, baada ya hukumu ya 2017 kuhusu kufukuzwa kwetu Mau. Mimi sitenganishi mambo haya. Mama aliyevunjiwa nyumba hulala kwa watu, na usiku wa kwa watu mnaujua.

Kamati ya kikundi chetu imekubali tuandike ripoti yetu wenyewe kuhusu ukatili huu. Wanaotaka kusimulia wamwone katibu, jina halitaandikwa.

Mifuko ya karatasi ya kaki, ya kutilia nguo za ushahidi, iko kwenye meza ya mlangoni. Kila mjumbe wa mtaa achukue kumi, na juu ya kila mfuko aandike 1195, namba ya kupiga bure kuripoti ukatili wa kijinsia.