Ray Stevens si mchekeshaji tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi watangazaji wanaotupigia muziki wa kantri hapa Tabora wasiishie kwenye nyimbo za vichekesho za Ray Stevens, kwa kuwa mwanamuziki huyo, aliyezaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1939, aliongoza chati za nchi yake mara mbili: mwaka 1970 kwa wimbo wa taratibu unaohimiza watu wasibaguane, uliompatia tuzo ya Grammy, na mwaka 1974 kwa kichekesho kuhusu mtu anayekimbia uchi hadharani. Kuchekesha kwa wimbo ni kazi ngumu, nami siibezi hata kidogo. Hata hivyo, msikilizaji aliyezoeshwa kucheka tu hushindwa kumsikiliza msanii huyohuyo anapoimba kwa uchungu. Tupigieni nyimbo zote mbili katika kipindi kimoja.

Msomaji wenu,
Tabora