Tuige namna wanavyolipa, si majengo yao

Mhariri,

Kila tunapoambiwa tujifunze kutoka hospitali za nje, tunaonyeshwa mashine na majengo. Mimi naona cha kujifunza ni mkoba wa fedha.

Mama yangu ana kisukari na presha. Anahudhuria kliniki tatu za umma, na kila moja ina faili lake. Mwaka jana daktari wa pili alimwandikia dawa ileile aliyokwisha kupewa na wa kwanza, ila kwa jina jingine la kibiashara. Tuliligundua nyumbani, tulipopanga maboksi mezani na kusoma maandishi madogo. Siwalaumu madaktari. Hakuna aliyeweza kuona alichoandika mwenzake.

Kaiser Permanente, shirika la bima na matibabu la Marekani, huweka zahanati, maabara, famasi, mabingwa na hospitali chini ya bajeti moja na faili moja. Mzizi wake ni mwaka 1933, katika jangwa la Mojave, ambako Dkt. Sidney Garfield alikuwa akiwatibu wajenzi wa mfereji wa maji. Bima zilimcheleweshea malipo hadi akakaribia kufunga hospitali yake. Ndipo wakakubaliana alipwe mapema senti 5 kwa siku kwa kila mfanyakazi, awe mzima au mgonjwa. Kuanzia hapo kila majeruhi akawa gharama kwake. Inasimuliwa kuwa alianza kupita kwenye eneo la kazi akigongelea misumari iliyochomoza.

Wapo watakaosema Kaiser huhudumia hasa wanachama waliolipiwa, na huduma ya umma haichagui mgonjwa. Ni kweli, na bima yao sitaki tuichukue. Lakini huduma ya umma ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kufanya hivi, kwa kuwa mgonjwa wake ni wake maisha yote. Mguu wa mgonjwa wa kisukari usiotunzwa leo, huduma hiyohiyo ndiyo itakayolipia kuukata miaka kumi ijayo. Ila tumeugawa mkoba: hospitali inalipwa kwa vitanda na upasuaji, na muuguzi wa kliniki anayekagua nyayo za wagonjwa hapati hata senti ya kile alichookoa.

Wizara ianze na ugonjwa mmoja, kisukari, katika eneo moja: bajeti moja kwa kliniki na hospitali, faili moja, na kinachookolewa kibaki kliniki kiajiri wauguzi. Hilo halihitaji jengo jipya.

Msomaji wenu, anayemuuguza mama yake