Barua kwa Hamadi: kaboni ya Brackley

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi kwako na mafundi wako wa boti hapo Tanga. Uliniuliza kaboni (kitambaa cha nyuzi za kaboni) ya magari ya mbio ya Formula 1 inatofautianaje na faiba unayoipaka resini kwa brashi. Nitakujibu kwa kiwanda cha Brackley, Uingereza, kwani ndicho nikipendacho kuliko vyote.

Leo kina jina la Mercedes, lakini nasaba ya timu yake inaanzia kwa Ken Tyrrell, aliyeundia magari kwenye yadi yake ya mbao kule Surrey. British American Racing waliinunua timu hiyo, wakaanza kushindana kutoka Brackley mwaka 1999. Honda wakaimiliki yote kuanzia 2006, kisha Desemba 2008 wakatangaza kujitoa, gari la msimu uliofuata likiwa limeshachorwa. Ross Brawn, aliyekuwa mkuu wa timu, na wenzake wakaichukua. Chesisi, yaani kiunzi cha gari, ilichorwa kwa injini ya Honda, hivyo ikabidi ikatwe nyuma ili injini ya Mercedes kutoka Brixworth iingie. Mwaka 2009 gari hilo likashinda mbio 8 kati ya 17 na mataji yote mawili, la dereva na la timu!

Sasa kaboni yenyewe. Kitambaa huja kimeshalowa epoksi, aina ya resini, ndiyo maana hulazwa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Kikiwa nje huanza kuganda polepole, kwa hiyo kila saa huandikwa. Roli la kitambaa likitolewa kwenye friza, mfuko haufunguliwi mpaka lifikie joto la chumba. Ukifungua mapema, umande unatua juu ya kitambaa, na ukipikwa unakuwa mvuke unaoacha vitundu.

Vipande hukatwa kwa mashine, ila fundi huvitandaza kwa mkono ndani ya kalibu, kila kimoja na mwelekeo wake wa nyuzi. Kila baada ya matabaka machache hufunikwa mfuko na hewa kufyonzwa ili yashikane. Pembe ndizo zinazotesa: kitambaa kisipogusa kona ya kalibu, pengo hujaa gundi tupu, na hapo ndipo patakapopasuka. Plastiki zinazobanduliwa kwenye vipande huhesabiwa pia, maana moja ikisahaulika ndani, matabaka hayatashikana kamwe.

Ganda la dereva huwa na ngozi mbili za kaboni, na alumini yenye vijumba kama sega la nyuki katikati. Hupikwa ndani ya otoklevu, oveni ya shinikizo, kwa joto la nyuzi 120 hadi 180 kutegemea epoksi, na shinikizo la ba 6 au 7 (ba moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida). Mfuko ukivuja mle, shinikizo linaingia ndani yake na halikandamizi tena kitu. Kwa hiyo kabla ya kupika wanafunga pampu na kuitazama geji: sindano ikirudi, wanatafuta tundu.

Kwa boti, wewe huna haja ya otoklevu. Pampu ya kufyonza hewa unaihitaji, na kipimo hicho cha geji kinafaa kwako vilevile. Niandikie unene wa ubavu wa boti yako kubwa, tuone matabaka mangapi yanaweza kupungua.

Wako,
Idi