Kikohozi cha Mtoto wa Farasi na Safari ya Minyoo Duara

Wateja wetu wanaozalisha farasi hutujia mara nyingi na lalamiko la namna moja: mtoto wa farasi wa miezi miwili au mitatu anakohoa, kamasi jeupe linamtoka puani, lakini ananyonya vizuri na anacheza kama kawaida. Amekwisha kupewa dawa ya kifua, na kikohozi hakijakoma. Tukitaja minyoo, tunajibiwa kwamba minyoo hukaa tumboni. Ni kweli, hatima yao ni tumboni. Ila kabla ya kutulia huko hupita kwenye viungo vingine, na kikohozi hicho huenda ndicho dalili ya kwanza ya kupita kwao.

Tunazungumzia minyoo duara wakubwa, ambao wataalamu huwaita Parascaris. Mtoto wa farasi huwapata kwa kumeza mayai yaliyonata kwenye majani, ndoo ya maji, kuta za banda, au hata chuchu za mama yake. Yai likifika katika utumbo mwembamba huanguliwa, na mnyoo mchanga, asiyeonekana kwa macho, hutoboa ukuta wa utumbo, akaingia katika damu na kuchukuliwa hadi kwenye ini. Humo huchimba njia kwa siku kadhaa, kisha damu humpeleka mapafuni, ambako hufika takriban wiki moja hadi mbili baada ya yai kumezwa. Hapo hupasua vifuko vya hewa na kupanda njia ya pumzi mpaka kooni, na mtoto wa farasi anapokohoa na kumeza makohozi yake, humrudisha mnyoo yule yule kwenye utumbo alikoanzia safari. Sasa ndipo mnyoo huketi akakua, na jike aliyekomaa aweza kufikia urefu wa sentimita 50.

Tangu yai kumezwa hadi minyoo hao waanze kutaga hupita wiki 10 au zaidi. Kwa sababu hiyo tunawaomba wateja wasifarijike upesi pale kipimo cha kinyesi cha mtoto mdogo kinapotoka bila mayai. Hadubini huona mayai ya minyoo waliokomaa tu. Haiwezi kuona wale walio bado kwenye ini au mapafuni. Kikohozi nacho kina visababishi vingine, baadhi yao hatari sana kwa umri huo, hivyo ni lazima daktari amsikilize kifua kabla ya lolote.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni dawa inayotolewa kwa kukisia. Mtoto mwenye tumbo kubwa, manyoya yaliyokauka na mwili usioongezeka huenda ana mamia ya minyoo ndani ya utumbo mwembamba, nao ni mwembamba kweli. Akipewa dawa inayowapoozesha wote kwa mara moja, kama vile pirantel au ivermektini, minyoo waliopooza waweza kujikusanya kama kamba iliyoviringishwa na kuuziba utumbo. Huo ni msokoto wa tumbo ambao mara nyingi huhitaji upasuaji, na si wote wanaopona. Aidha, minyoo hawa wamekuwa sugu kwa ivermektini katika nchi nyingi, tangu taarifa za kwanza zilipotoka Uholanzi mwaka 2002. Kwa hiyo sisi huanza na fenbendazo, ambayo huwaua polepole zaidi, mtoto anapokuwa na umri wa miezi miwili hadi mitatu, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake uliopimwa kwa utepe. Hatukubaliani na desturi ya kutoa dawa kila mwezi, kwa kuwa ndiyo iliyozaa usugu huo.

Farasi wakubwa huwa na kinga, na kwa kawaida kufikia umri wa mwaka mmoja na nusu mwili huwaondoa minyoo hawa wenyewe. Mayai yanayomwambukiza mtoto wa mwaka huu, basi, kwa kawaida yaliachwa na watoto wa miaka iliyopita. Ganda lake ni nene na lenye kunata, na huweza kudumu ardhini kwa miaka kadhaa. Punda nao huambukizwa, kwa hiyo ndama wa punda anayelishwa uwanja huo huo ahesabiwe pamoja na farasi. Ondoeni kinyesi angalau mara mbili kwa wiki, osheni banda kwa maji moto na brashi kabla jike hajazaa, wala msitandaze samadi mbichi kwenye malisho ya watoto.

Kliniki yetu hupima kinyesi na kuhesabu mayai katika kila gramu. Leteni kinyesi cha siku hiyo hiyo, kiasi cha kujaa kiganja, katika mfuko uliofungwa bila hewa na kuwekwa mahali pa baridi, mkiandika umri wa mnyama, dawa aliyopewa mwisho na tarehe yake. Siku 14 baada ya dawa tutapima tena, tujue kama imefanya kazi.