Ramani ya Enterprise ifuate kilichoonekana, si urefu uliotajwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyewashauri vijana wanaochora ramani ya ndani ya Enterprise, chombo cha anga cha mfululizo wa televisheni wa Star Trek, kwamba urefu wa chombo uwe ndiyo sheria, na kila chumba kisichoenea kipunguzwe mpaka kienee. Baadhi ya vijana hao ni wanafunzi wangu hapa Tanga. Hukutana jioni Ngamiani na kutandaza karatasi zao sakafuni kwa kukosa meza ya kuzitosha, maana kwa skeli ya 1:200 chombo chenye urefu wa mita 289 kinadai karatasi ya karibu mita moja na nusu. Nafurahi kwamba ndugu yangu amelipa jambo hili uzito unaostahili, ila ushauri wake ukifuatwa utaharibu kazi nzuri.

Urefu huo wa futi 947, yaani mita 289, ulihusu umbo la nje, na katika mfululizo ule nje na ndani havikupata kamwe kuwa kitu kimoja. Nje ilikuwa modeli ya takriban mita 3.4, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian mjini Washington. Ilipigwa picha zaidi kwa upande wa kulia, kwa sababu upande wa kushoto ndiko nyaya za taa zilikoingilia na haukumaliziwa. Ndani zilikuwa seti zilizojengwa katika studio za Desilu kwa kufuata ukubwa wa jengo, nafasi ya kamera na fedha zilizokuwapo. Korido iliyopinda ambayo waigizaji wanaipita katika kipindi kimoja kama sitaha hii, katika kingine kama sitaha ile, ilikuwa ni ileile, ikibadilishwa rangi za taa na vibao vya milangoni. Fundi wa jahazi wa pwani yetu hawezi kufikwa na tatizo la namna hii, kwa kuwa ubao unaopigwa na mawimbi kwa nje ndio huohuo anaouegemea baharia kwa ndani. Matt Jefferies, aliyebuni umbo la Enterprise na kusimamia seti zake, hakuwa na ubao wa namna hiyo.

Tena chombo chenyewe kilikua. Katika kipindi cha majaribio kilichorekodiwa mwaka 1964, nahodha Pike anataja watu 203. Katika mfululizo uliorushwa kuanzia 1966 hadi 1969, nahodha Kirk anazungumzia watu 430. Ikiwa idadi ya mabaharia iliongezeka zaidi ya mara mbili na umbo la nje likabaki karibu vilevile, sioni kwa nini umbo hilo lipewe mamlaka ya kuvikata vyumba tulivyoviona kwa macho yetu.

Ndiyo maana nimewafundisha vijana kuanza na kilichoonekana kwenye kioo cha televisheni, kisha kilichosemwa na wahusika, na mwisho kabisa kilichochapishwa baadaye. Utaratibu huu hauondoi kila shida, kwa sababu kamera nayo hudanganya kwa makusudi. Chukua chumba cha injini: nyuma ya wavu mkubwa kuna mabomba yanayong'aa na kuishilia mbali, lakini mafundi waliyajenga yakipungua unene kadiri yanavyorudi nyuma, ili nafasi fupi ionekane ndefu. Hapo mwanafunzi hapimi seti. Huchora urefu ambao mtazamaji alikusudiwa kuuamini.

Chumba hichohicho kinaleta swali gumu zaidi, nalo ni mahali kilipo. Mlango wake uko kwenye korido iliyopinda, jambo linalokiweka ndani ya sahani kubwa ya mbele, ambako injini ndogo za msukumo zipo upande wa tezi. Wachoraji wengi wa baadaye wamekiweka chini, katika mwili wa pili wa chombo. Ukitazama kwa makini, chumba cha msimu wa kwanza na cha msimu wa pili havifanani: baadaye kuna ngazi ya kupanda ghorofa ya juu na mtambo mpya katikati ya sakafu. Wengine husema seti iliboreshwa, na kwa upande wa studio ni kweli. Kwa upande wa hadithi, naona tumepewa ruhusa ya kuwa na vyumba viwili, kimoja katika sahani na kingine chini, na vijana wamevichora vyote viwili bila kuondoa hata ngazi.

Nakuja kwenye chumba cha uongozaji, ambacho ndugu yangu amekigusa kwa sentensi moja tu. Mlango wa lifti hauko nyuma ya kiti cha nahodha moja kwa moja. Uko pembeni kushoto kwa takriban nyuzi 36. Kwenye modeli ya nje, nyuma ya kuba la juu, kuna mcheduara mdogo uliosimama katikati kabisa, na watu wengi wanauhesabu kuwa ndio njia ya lifti. Franz Joseph, mchoraji wa kiufundi aliyetoa michoro ya karatasi 12 mwaka 1975, alikizungusha chumba kizima ili mlango ulingane na mcheduara, na matokeo yake nahodha haelekei omo. Wanaomtetea husema skrini ya mbele si dirisha, kwa hiyo si lazima ielekee mbele, na hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, chumba kimezungushwa kwa ajili ya jambo ambalo ni kisio tu. Kilichoonekana ni mlango na mcheduara. Kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja ni fikra yetu sisi watazamaji. Mimi namwacha nahodha atazame omo, lifti naishusha sitaha moja kabla haijaingia kwenye njia kuu, na mcheduara nauandika kuwa ni kifaa kisichojulikana kazi yake.

Kuhusu Galileo, mashua ndogo ya anga inayobebwa ndani ya Enterprise, bodi ya nje iliyojengwa ilikuwa na urefu wa takriban futi 22, na ndani yake watu saba wanaketi na kutembea wima. Tumeikuza kwa nje. Ikikua, na banda lake lazima likue, na hapo ndipo mita 289 zinapoanza kubana. Basi chombo nacho kirefuke kidogo. Filamu ya Star Trek ya 1989 inayoonyesha sitaha ya 78, tena namba zikipanda kuelekea juu wakati sitaha ya kwanza ndiyo iliyo juu kabisa, ni kosa tupu, wala hatuna deni la kulitetea.

Yapo mambo yasiyopatana hata baada ya juhudi zote, na hayo nimeagiza yachorwe kwa mistari ya vipande pamoja na maelezo pembeni, ili anayeisoma ramani ajue wapi tumeona na wapi tumekisia. Kupunguza vyumba kimyakimya, kama anavyopendekeza ndugu yangu, kunamnyima msomaji haki hiyo. Kama anacho kipindi chochote, kati ya vyote 79, ambamo mcheduara ule unatajwa au kuonyeshwa kuwa ni njia ya lifti, akitaje katika gazeti hili, nasi tutakizungusha chumba.

Wako,
Mwalimu wa uchoraji wa kiufundi,
Ngamiani, Tanga